Stika ya ukaguzi haisemi gari ni zima mwaka mzima

Huku Kenya matatu na magari ya biashara hupelekwa ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kila mwaka, na tangu zamani watu huamini gari likishapita basi ni zima hadi mwaka ujao. Si hivyo jamani, stika inaongea kuhusu siku ile tu.

Mkaguzi atalinganisha namba ya chasisi na makaratasi, ataangalia taa, mikanda, usukani, kama kuna oili inavuja, alafu magurudumu yanawekwa kwa rola breki zipimwe kushoto na kulia, maana upande mmoja ukishika zaidi gari linavuta ukifunga breki ghafla. Injini hafungui, giaboksi pia hafungui.

Na tairi nalo, huenda mistari imebaki ya kutosha leo lakini baada ya miezi ya Nairobi–Mombasa iko kipara. Angalia ubavuni, zile namba nne za mwisho kwenye mfululizo unaoanza na herufi DOT, ndizo zinasema tairi lilitengenezwa lini, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mimi hizo huzisoma kabla ya kupanda na watoto, stika naiangalia baadaye.