Gemu yenye stori nzuri maana yake nini hasa

Kila zikitajwa gemu zenye stori kali lazima atokee mtu aseme The Last of Us ina stori nzuri "kama muvi", afu mwingine anadakia kwamba Shadow of the Colossus ni kali ila haina stori, na wote wawili watu wanawaunga mkono. Nimenyamaza mara nyingi ila naona sasa tuwekane sawa, maana hilo neno stori tukiwa tunaongelea gemu tumelitumia hovyo mpaka limebaki kumaanisha zile sehemu ambazo huchezi.

Angalizo, humu natoboa siri za gemu kadhaa, nyingi zina zaidi ya miaka kumi kwa hiyo sioni dhambi.

Maana yenyewe ni fupi. Stori ya gemu ni yale matukio ambayo wewe mchezaji umeyafanya kwa mkono wako, pamoja na maana uliyoipata kwa sababu umeyafanya wewe. Ikiwa nzuri, ukiiondoa pedi (kile kidude chenye vitufe cha kuchezea) mkononi inapungua. Ndo hivo tu, tusonge.

Shida iko kwenye kuchanganya. Cha kwanza kinachoitwa stori ni katsini, yani vile vipande vya video ambapo pedi unailaza mapajani unasubiri wamalize kuongea. Katsini inaweza kuwa tamu sana, imeigizwa na waigizaji kweli, ina muziki, mtu analia. Metal Gear Solid 4 ya 2008 mwisho wake peke yake unakaa unaangalia zaidi ya saa nzima, na nimeukalia wote na chai yangu wala silalamiki. Ila hiyo ni filamu iliyowekwa ndani ya gemu. Inaweza ikawa filamu nzuri na gemu yake ikawa haina stori yoyote ya maana, maana katikati ya video na video unachofanya ni kupiga tu watu risasi ili ufike kwenye video inayofuata.

Sasa angalia Half-Life 2 ya 2004. Karibu gemu nzima hutolewi machoni mwa Gordon Freeman, yule unayemcheza, ukaonyeshwa filamu. Unashuka kwenye treni kwenye mji unaoitwa City 17, unatembea, askari mmoja anasukuma kopo la soda linaanguka chini, anakwambia liokote ulitupe kwenye pipa. Unaweza ukaliokota ukatii akacheka akakupisha, unaweza ukamrushia nalo akakutoa mbio na kirungu. Mpaka hapo hakuna aliyekuhutubia kuhusu serikali ya huo mji ila wewe ushaijua, na ushajijua na wewe ni mtu wa aina gani mbele ya askari. Hiyo ni stori. Hata dakika moja haijaisha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Brothers: A Tale of Two Sons, ilitoka 2013, aliyeiongoza ni Josef Fares, na huyu alitokea kwenye kutengeneza filamu, kwa hiyo kama kuna mtu alikuwa na kisingizio cha kujaza katsini ni yeye. Kaka na mdogo wake, mama kafa maji, baba anaumwa, wanatumwa mbali kutafuta dawa. Wanaongea lugha ya kubuni ambayo hakuna anayeielewa na hamna tafsiri chini. Kijiti cha kushoto cha pedi kinamwendesha kaka, cha kulia kinamwendesha mdogo, kila mmoja ana kitufe kimoja tu cha kufanyia kitu. Mwanzoni inachanganya, vidole vinagombana, baadae unazoea mpaka mkono wa kushoto unauona kabisa ni kaka. Mdogo anaogopa maji kwa sababu alimuona mama akizama, kwa hiyo kila mkifika mtoni anapanda mgongoni kwa kaka, kaka anaogelea.

Kaka anakufa njiani. Unamzika, kwa vitufe, unamvuta mwenyewe. Halafu unarudi na dawa, peke yako, mkono wa kushoto hauna kazi, yani umeshika pedi na nusu yake imekufa, mpaka unafika kwenye maji. Mdogo hataki. Unabonyeza kitufe chake, hataki. Unajaribu tena. Mpaka kidole cha kushoto kinajipeleka chenyewe kwenye kitufe cha marehemu, unabonyeza, na mtoto anaingia majini anaogelea. Hakuna neno lililosemwa. Sijui hiyo utaiwekaje kwenye muvi, maana tukio lenyewe halipo kwenye kioo, liko kwenye kidole chako. Ukiliangalia YouTube unaona mtoto kaogelea, basi.

Mtu atasema hizo ni gemu za wasomi, haya twende GTA: San Andreas ya 2004, ambayo huku kwetu aliyekulia karibu na banda la gemu hawezi kuniambia haijui. Wengi tulicheza bila memori kadi ya kuhifadhia ulipofika, muda ukiisha au umeme ukikata unaanza upya, CJ, yule unayemcheza, anashuka tena kutoka Liberty City mwaka 1992 kuja kumzika mama yake, Tenpenny, polisi fisadi, anamchukulia hela zake, anatupwa kwenye mtaa wa Ballas, genge la maadui, anachukua baiskeli mbio mpaka Grove Street, mtaani kwao. Kile Kiingereza chao cha mtaani nusu ya banda hatukukielewa, tulikuwa tunabonyeza kitufe cha kuruka maongezi tufike kwenye misheni. Kwa hesabu ya wale wanaosema stori ni katsini, sisi hatukuijua stori ya San Andreas kabisa.

Ila ukifika ile misheni ya Green Sabre, CJ anawaona washikaji zake Big Smoke na Ryder wako na Tenpenny na ile gari ya kijani iliyotumika siku mama alipouawa, banda zima lilikasirika. Hawakuhitaji kutafsiriwa. Huyo Smoke umemwendesha kwenye gari, umemsubiri aagize chakula cha watu kumi pale dirishani, umemkimbizia treni na pikipiki mpaka ukaitwa majina kwa sababu umefeli. Na gemu haiishii kukwambia umesalitiwa, inakunyang'anya kabisa: unatupwa Angel Pine huko porini, kaka yako Sweet yuko jela, ile mitaa ya kijani ya genge lako uliyokuwa unaigombania haigombaniki tena mpaka urudi karibu na mwisho. Muvi haiwezi kukunyang'anya mtaa maana haijawahi kukupa.

Sasa nirudi kwa hao wa "kama muvi". The Last of Us ina katsini nzuri na hilo sibishi, ndo maana hata tamthilia yake ya 2023 haikupata tabu kuandikwa. Ila kinachoifanya iwe stori nzuri ya gemu kiko pale mwisho hospitali. Joel, yule unayemcheza, anaingia chumba cha upasuaji, Ellie, binti aliyekuwa anamlinda safari nzima, amelala akisubiri upasuaji utakaomuua, daktari kashika kisu kidogo anasema hatamtoa. Na pedi umeshika wewe. Gemu inakusubiri, simama hapo muda unaotaka, zunguka kitanda, tafuta mlango mwingine, hamna, mpaka umuue huyo daktari ndo inaendelea. Kuna watu wamekaa hapo wanatafuta njia ya kumpiga ngumi tu azimie. Kwenye tamthilia tukio ni lile lile, ila ukiwa kwenye kochi unamhukumu Joel, ukiwa na pedi umeshirikiana naye. Kwa hiyo ukiisifia hiyo gemu kwa kuwa kama muvi umeisifia kwa kitu ambacho muvi nyingi zinacho, umeacha kile ambacho ni chake.

Upande wa pili wa haya mambo unao hata jina. Mwaka 2007 mbunifu wa gemu Clint Hocking, wakati huo yuko kampuni ya gemu ya Ubisoft, aliandika kuikosoa gemu ya BioShock, akaupa ugonjwa wake jina refu la kitaalamu ambalo kwa Kiswahili cha kawaida ni mgongano wa stori na uchezaji. Hoja yake ni kwamba mikono ya mchezaji inafundishwa ubinafsi, unaamua mwenyewe kama utawaokoa watoto wa kike unaowakuta humo au utawakamua upate nguvu, lakini stori inakulazimisha umsaidie Atlas, jamaa anayekuelekeza kwa redio, utake usitake. Mkono unasema hiki, stori inasema kile. Mimi kwa BioShock yenyewe simkubalii yote, kwa sababu baadae inafichuka kwamba yale maneno ya adabu ambayo Atlas anaanza nayo kila akikutuma ndo yaliyokuwa yanakuendesha, na ukikumbuka nyuma ni kweli ulikuwa unatii kila kitu bila kuuliza, kama tunavyotii kwenye gemu zote. Yani hapo kukosa uhuru ndo stori yenyewe. Ila ugonjwa alioutaja upo, na ukishaujua unauona kila mahali. Niko Bellic wa GTA IV kwenye katsini amechoka na damu, vita vimemharibu, anaongea kama mtu anayetaka kutubu, katsini ikiisha unampandisha gari kwenye njia ya waenda kwa miguu unafagia watu sita kwa sababu foleni imekuchosha.

Na kwa wale ambao gemu kwao ni mpira tu, mnaikumbuka FIFA 17 na yule dogo wa kubuni Alex Hunter, wa ile sehemu yake ya stori? Unacheza mechi zake vizuri, unafunga, unapewa alama za juu, afu klabu inakuita inakwambia unapelekwa kwa mkopo daraja la chini. Ukicheza vibaya pia unapelekwa. Umefunga hujafunga safari ipo, kwa sababu imeandikwa. Wakati huo huo mtu anayecheza kariya ya kawaida, ile ya kuongoza timu msimu hadi msimu, hakuna aliyeandika chochote, anaweza kukusimulia nusu saa jinsi alivyoipandisha timu mbovu na kijana wa miaka 17 aliyemlea mwenyewe, na sauti inapanda. Huyo wa pili ndo mwenye stori, hata kama hajaonyeshwa katsini hata moja.

Kuna na kundi la wanaopenda historia ya ile dunia iliyobuniwa ndani ya gemu, hawa nawapenda ila nao wanachanganya. Dark Souls ya 2011 ina wafalme, miungu na vita vya zamani vilivyofichwa kwenye maelezo ya pete na mapanga, watu wanakaa wanaviunga kama wapelelezi. Hayo ni mambo yaliyotokea kabla hujafika, ni mandhari. Stori ya Dark Souls ni wewe kuuawa na yule bosi, yani adui mkubwa, usiku kucha mpaka ukakaribia kuacha na hukuacha.

Na wa machaguo, wanaoamini miisho ikiwa mingi ndo stori inakuwa kubwa. San Andreas mwisho wake mmoja, Brothers mmoja. Papers, Please ya Lucas Pope, 2013, ina miisho 20, ila hata siikumbuki yote, ninachokumbuka ni kwamba mimi ni mkaguzi wa pasipoti mpakani mwa Arstotzka, nchi ya kubuni, nalipwa kwa idadi ya watu ninaowahudumia, nyumbani kuna kodi, chakula na joto la kulipia, anakuja bwana mmoja karatasi zake safi, anapita anasema mke wangu yuko nyuma muangalie kwa huruma, mke anafika kibali hana. Ukimpitisha unaandikiwa kosa, na makosa yakizidi unakatwa hela. Mhuri uko mkononi, foleni inasubiri, saa inakimbia. Uzito wake hautokani na wingi wa machaguo, unatokana na kwamba hilo moja linakugharimu.

Kwenye hili wa kwetu nao wamejaribu, Tales of Kenzera: ZAU ya 2024, kazi ya Abubakar Salim, muigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake na unaweza kuicheza na sauti za Kiswahili. Zau anaenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kumuomba amrudishie baba. Maongezi yake mazuri, ila nitasema ukweli wangu, sehemu kubwa mikono inaruka na kupigana kama kwenye gemu zingine za aina hiyo na huzuni inabaki mdomoni. Isipokuwa pale kwenye mibuyu. Ukiukuta mbuyu unakaa chini yake, Zau anatulia anaongea kuhusu baba na yanayomsumbua, na ukitoka hapo uhai wako umeongezeka. Hapo mkono na stori vimeshikana, natamani wangefanya hivo gemu nzima.

Kwa hiyo yule wa Shadow of the Colossus, ndugu yangu, stori ipo, tena nyingi. Kijana kaleta maiti ya msichana kwenye nchi iliyokatazwa, sauti inamwambia aue majitu 16, na wewe unayaua. Hamna maadui wadogo wa kukupotezea mawazo, ni wewe na farasi na nchi tupu, mengine hata hayakugombi mpaka uyachokoze wewe, yakianguka muziki unaopigwa ni wa msiba na wewe ndo umeshinda. Mpaka unafika la mwisho unajiuliza hivi mbaya hapa nani, na hakuna aliyekuuliza. Ulichokosa ni maongezi, basi sema haina maongezi. Na wewe uliyeangalia YouTube katsini zote zimeungwa pamoja, sema unayajua matukio yake, hilo halina ubaya na wengine mashine hatuna, ila usiniambie stori umeimaliza.