Kitufe cha transpozi

Mwanafunzi wangu mmoja ana sikio kali kuliko langu, na sioni aibu kulisema. Akisikia wimbo mara mbili, mara ya tatu anaupiga na kodi zake zote (kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za serikali). Ila anajua ufunguo mmoja tu, yaani noti moja tu ya kuufanya wimbo kuwa na nyumbani: C. Waimbaji wakiomba E-flati, anabonyeza kitufe cha transpozi, kinanda kinapandisha sauti chenyewe na vidole vinabaki palepale pa siku zote. Siku moja nikamkalisha kwenye piano ya mbao, isiyo na umeme wala kitufe, nikamwambia apige kwa E-flati wimbo anaoweza kuupiga usingizini. Alikaa kama mtu aliyerudi nyumbani kwake akakuta milango imehamishwa.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na binti aliyefaulu mitihani ya nadharia, tena kwa alama za juu. Mwonyeshe kodi yoyote kwenye karatasi, atakutajia jina lake na namna ilivyopinduliwa, yaani noti yake ipi imewekwa chini. Nikaifunika karatasi, nikamwomba apige wimbo mfupi wa watoto ambao ameuimba tangu hajaanza shule. Akanitazama. “Unaanza na noti gani, mwalimu?”

Kwa hiyo watu wakiniuliza kipi bora, kusoma muziki kwa mfumo au kuupiga kwa hisia, huwakumbuka hawa wawili. Nami nadhani swali lenyewe limekaa vibaya. Hisia nayo ni kitu kilichofunzwa, ila mwenyewe hakumbuki kilimwingia lini. Na nadharia, ikiwa na maana yoyote, inalipa jina jambo ambalo sikio tayari linalijua. Jina likitangulia, linabaki neno la kukariri. Linalonisumbua mimi kama mwalimu ni lipi litangulie, na kwa muda gani.

Jaribu hili. Imba do re mi fa so la ti, kisha nyamaza. Usiimalizie. Mtu ambaye hajawahi kuona noti maishani mwake atakuambia umemwacha njiani. Ti inaiegemea do iliyo juu yake, ikiwa umbali wa nusu toni tu (kutoka kitufe kimoja cha piano hadi jirani yake wa karibu kabisa, cheupe au cheusi), wakati hatua nyingi za skeli, ngazi hiyo ya noti, ni toni nzima. Zamani nilifundisha jambo hili kwa kuandika ubaoni: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Wanafunzi waliliimba kama shairi, wakafaulu, na mwezi uliofuata hakuna aliyebaki nalo.

Siku hizi naanza kwa kuwaacha njiani. Napiga hadi ti, naondoa mkono, nangoja. Kuna wanaojikuna, kuna wanaonyoosha kidole wenyewe wakabonyeza do. Hapo ndipo nawaambia watazame vitufe: kati ya B na C, yaani ti na do tulizopiga, hakuna cheusi, wala kati ya E na F, mi na fa. Kisha nawaambia waanzie D na kupanda kwa vitufe vyeupe peke yake. Wakifika cha tatu sikio linalalamika. Wanarudi, wanapapasa, wanaangukia kitufe cheusi cha F-shapu, nyuso zinafunguka. Wakifika cha saba linalalamika tena, na sasa wanajua pa kwenda: C-shapu. Ile orodha ya toni na nusu toni naiandika baada ya hapo, na sijawahi kulazimika kuiandika mara mbili.

Kijana wa transpozi nilimtibu kwa solfa, yaani kuziita noti do, re, mi. Watu wengi wanaiona solfa kuwa njia ya mkato kwa wasiojua kusoma noti, na hilo huniudhi kidogo. Msingi wake uliwekwa na mwalimu wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, na kuanzia miaka ya 1840 John Curwen akauendeleza na kuusambaza. Ujanja wake ni kwamba do haijafungwa mahali. Ufunguo ukihama, nayo inahama, na kila noti inatajwa kwa uhusiano wake na do hiyo. Nilimwambia kijana apige kwa C kama alivyozoea, ila aimbe solfa ya kile anachopiga. Alikasirika, kwa sababu alijiona amerudishwa chekechea. Baada ya wiki kadhaa akatambua kuwa nyimbo zake zote zilikuwa zinakwenda so, do, mi, re, na kwamba E-flati haimwombi kujifunza upya chochote isipokuwa pa kuweka vidole. Leo anapiga funguo nne bila kitufe. Hiyo E-flati yenyewe bado anaipiga kwa kuvizia.

Kuna utafiti wa mwaka 1973 ninaoupenda, ingawa unahusu sataranji. William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5 tu, kisha wakawaambia waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimekaa kama zinavyokaa katika mchezo halisi, bingwa alimwacha mbali sana anayeanza. Kete zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Kumbe hakuwa na jicho la ajabu. Alikuwa amekusanya maumbo mengi yenye maana, akayaona kwa mafungu. Kijana wangu naye anasikia hivyohivyo: noti nne zinamfikia zikiwa fungu moja. Ninachomwongezea ni jina la fungu, ili aweze kulibeba kwenda kwingine.

Watetezi wa kipaji hupenda kunitajia Django Reinhardt, mpiga gitaa asiyesoma noti. Ni kweli hakusoma. Lakini mwaka 1928 moto ulimharibu vidole viwili vya mkono wa kushoto, na ilimbidi ajenge upya namna nzima ya kupiga, kidole kwa kidole. Hakuwa na karatasi, ila utaratibu alikuwa nao, tena mkali.

Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo karatasi haiyafikii. Kwenye piano, oktavu (kutoka do hadi do inayofuata) imegawanywa nusu toni 12 zilizo sawa. Tukiigawa kila nusu toni senti 100, kutoka do hadi mi ni senti 400. Lakini mi tulivu kabisa, ile ambayo mitetemo yake ni 5 kwa 4 za do, iko kwenye senti 386 hivi. Kwa hiyo mi ya piano imepanda kidogo, nasi tumeizoea. Wapange waimbaji wazuri bila ala, waambie washike do, mi, so polepole. Mara nyingi mwenye mi huishusha kidogo kidogo bila kuambiwa, mpaka kodi inaacha kutetemeka na kukaa kama maji. Noti iliyoandikwa haikubadilika.

Ukianza kuchanganya njia hizi mbili, tegemea kuharibikiwa kwanza. Anayepiga kwa sikio, ukimfundisha majina, kwa muda anapiga vibaya kuliko alivyokuja, kama mtu anayeshuka ngazi huku akifikiria mguu upi utangulie. Wengi huniacha hapo, wakisema nadharia imewaua. Siku hizi nawaonya mapema, na nusu ya kipindi nawaachia wapige ovyo wapendavyo.

Yule binti nilimnyang’anya karatasi. Kwa miezi miwili nilipiga noti tatu, naye anirudishie. Kisha nne, kisha kipande kizima. Alikosea sana, na kwa mtu aliyezoea alama za juu hilo lilimuuma kuliko nilivyotarajia. Juzi nilimwomba tena ule wimbo wa watoto. Hakuuliza aanze na noti gani. Alibonyeza ya kubahatisha, akaenda, akajikuta ndani ya D-flati, yenye vitufe vyeusi vitano, na mimi nisingemchagulia kamwe. Alisimama kidogo katikati ya mstari wa pili, akaimba mi kwa sauti ya chini, akaitafuta kwa kidole, akaendelea.