Je, wajua kwa nini mshale wa mtu mzima haumfai mtoto?

Mtoto wa miaka kumi akipewa upinde mdogo na mishale ya mjomba wake, matokeo mara nyingi huwa yaleyale: analenga katikati, mshale unakwenda kushoto. Anajirekebisha, unakwenda kushoto tena. Wakubwa waliosimama nyuma yake wanaanza kumwelekeza namna ya kusimama, kuinua kiwiko, kufumba jicho moja. Hakuna anayeutazama mshale wenyewe, na huenda kosa liko huko.

Upinde wa asili ni mti mmoja tu usio na dirisha la kupitishia mshale. Kwa hiyo mshale hukaa ubavuni mwa upinde, ilhali ugwe, yaani kamba ya upinde, ukiachiwa hurudi kuelekea katikati ya mti. Ukifikiri kwa haraka utasema mshale lazima uukwaruze mti na kutupwa pembeni. Mbona basi wapiga mishale hodari hulenga wakapata?

Wanapata kwa sababu mshale haupiti ukiwa umenyooka. Ugwe unausukuma ghafla kutoka nyuma huku kichwa chake kizito kikikawia kuondoka, na vidole vinavyoachia ugwe navyo vinausogeza kando kidogo. Uti wa mshale unapinda, kwanza ukijibana kwenye upinde, kisha unapinda upande wa pili, na ni katika mpindo huo wa pili ndipo unapouzunguka mti bila manyoya ya mkiani kujigonga. Ukishatoka, unaendelea kujinyonganyonga hewani kama samaki majini mpaka manyoya yautulize. Kwa macho hatuoni haya. Clarence Hickman, mwanafizikia Mmarekani wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, aliyanasa miaka ya 1930 kwa picha za kasi kubwa.

Sasa mrudie yule mtoto. Mshale wa mjomba umetengenezwa upindwe na upinde wa paundi 40 au 50, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta ugwe wake. Upinde wa paundi 15 hauna ubavu huo. Mshale unabaki mkavu kama fito, unasuguana na mti, na kwa anayevuta kwa mkono wa kulia unatupwa kushoto. Kwa mwenye shoto mambo hugeuka: unakwenda kulia. Mshale mlegevu kupita kiasi nao hukosea kinyume chake.

Ugumu huu hupimwa, na kipimo cha mishale ya mti si cha siri. Uti hulazwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 26 (sentimita 66), kisha uzito wa paundi 2 huning'inizwa katikati. Gawanya 26 kwa inchi ambazo uti umebonyea, jibu ndilo paundi za upinde unaoufaa. Wa upinde wa paundi 50 hubonyea kama sentimita 1.3, wa paundi 20 hubonyea sentimita 3.3. Tofauti hiyo unaiona bila rula. Mishale ya kaboni ina kipimo chake, na namba zake huwachanganya wengi: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mshale unavyokuwa mlegevu. Wenye 500 ni wa mtu mzima. Wa mtoto huanzia kama 1000 kwenda juu.

Halafu kuna mtego wa paundi zilizoandikwa kwenye upinde. Hizo kwa kawaida zimepimwa ugwe ukiwa umevutwa inchi 28, na mtoto hafiki huko. Mwambie anyooshe mikono yote pembeni, pima kutoka ncha ya kidole kirefu hadi ya mwenzake, gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 140 atavuta kama sentimita 56, yaani inchi 22, na upinde ulioandikwa 20 mikononi mwake utakuwa wa paundi 14 hivi. Nunua mishale ya hizo 14.

Urefu wa mshale nao usipunguzwe kwa kutafuta uzuri. Uzidi umbali ambao mtoto huvuta ugwe kwa sentimita tano au zaidi. Mtoto anayejifunza leo anavuta hivi, kesho akichangamka anavuta zaidi, na mshale mfupi ukirudi nyuma ya upinde kabla hajaachia, ncha yake inaelekea kwenye mkono unaoshika upinde. Kwangu mimi hili halina mjadala. Bahati nzuri mshale mrefu hupinda kwa urahisi zaidi kuliko mfupi wa uti uleule, kwa hiyo usalama na ulengaji vinakwenda pamoja. Mwili ukishamaliza kukua ndipo ukate, kidogo kidogo.

Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hawana haja ya vishikizo wala mizani. Mvulana wao hupata kiupinde chake akiwa bado mdogo sana, pamoja na vijishale vya mti mtupu, bila chuma na bila sumu, akawinda ndege na panya. Upinde unakua naye, na mishale vilevile. Mishale ya sumu ya mkubwa haianzi naye. Uti hunyooshwa kwa moto, kwa mikono na kwa meno, na anayeukunja kila mara hujua mkononi kama unafaa.

Kuhusu manyoya, chukua ya ndege, si ya plastiki. Mshale wa upinde wa asili hupita juu ya kidole au juu ya mti, na unyoya wa ndege hulala ukiguswa. Plastiki ngumu huruka na kuupiga teke mshale. Yawe matatu, yote ya bawa la upande mmoja, kwa sababu mpindo wa bawa la kulia na la kushoto haufanani. Marefu, kama sentimita 10 hadi 12, humsamehe anayeanza, kwa kuwa huutuliza mshale mapema.

Vitu vya kutengenezea, chagua kwa mfuko wako. Mti una raha yake. Fibaglasi ni ya bei nafuu na hustahimili, ila ni nzito, na ikichanika hutoa vijiti vinavyochoma vidole. Kaboni iliyopasuka ni hatari zaidi. Kabla ya kila mzunguko, mtoto akunje kila mshale polepole akisikiliza na kutazama. Wenye ufa uvunjwe hapohapo usirudi kwenye podo. Mfuo wa nyuma, yaani mkato wa mkiani unaoingia kwenye ugwe, nao ushike ugwe bila kubana: ning'iniza mshale kwenye ugwe, kisha gonga ugwe kwa kidole, mshale uanguke.

Ukishapata mishale sita inayofanana, mwache apige mingi kabla hujaamua. Mshale mmoja uliokwenda kushoto hausemi lolote, maana mkono wa mtoto bado unayumba. Yote sita ikijikusanya kushoto, mshale ni mgumu. Jaribu kwanza kichwa kizito kidogo, ambacho huufanya uti upinde zaidi, kabla ya kununua mingine. Na mjomba asije akaazima mishale hiyo kwa upinde wake wa paundi 50. Mshale mlegevu kiasi hicho unaweza kupasuka akiuachia, na mkono wake wa kushoto uko palepale mbele.