Hoteli ya Taj Mahal Palace haikujengwa kinyumenyume

Wageni wa Mumbai husimuliwa kwamba mchoraji ramani Mwingereza wa hoteli ya Taj Mahal Palace alirudi kutoka kwao, akakuta mafundi wamegeuza ramani na mlango mkuu umeipa bahari kisogo, akajirusha akafa. Kisa hicho hakina ukweli.

Ramani zilichorwa na Wahindi wawili, Sitaram Khanderao Vaidya na D. N. Mirza, kwa kazi waliyopewa na tajiri Jamsetji Tata. Vaidya alifariki mwaka 1900, ujenzi ukiendelea. Ndipo Mwingereza W. A. Chambers alipoikamilisha kazi, na hoteli ikafunguliwa Desemba 1903.

Mlango kweli ulikuwa upande wa mjini, na ulikusudiwa uwe huko. Magari ya farasi yaliingilia hapo, kwenye ua uliokumbatiwa na mabawa mawili ya jengo, huku upande wa bahari ukiachiwa vyumba vyenye upepo na mandhari ya bandari. Leo ua huo una bwawa la kuogelea, na watu huingilia upande wa bahari. Ndiyo maana uvumi unaaminika upesi. Kinachouma ni kwamba uvumi huo unamfuta Vaidya, mchoraji ramani mwenyewe.