Eti mshahara mnono ndo unaleta bosi wa shule? Tuangalie Detroit

Wilaya ya shule ya mjini kule Marekani ikikosa supaintendenti, yani yule bosi wa shule zote za umma za eneo, maneno ni yale yale. Kwetu Tanzania afisa elimu anapewa barua ya uhamisho anafunga virago anaenda, kule mara nyingi anaajiriwa na bodi iliyopigiwa kura na anaweza kukataa, ndo maana kumpata mtu wa maana aje kwenye wilaya iliyochoka ni shughuli.

Dhana: pandisha dau, watakuja wenyewe.

Ukweli ni kwamba Nikolai Vitti, aliyeajiriwa 2017 kuwa supaintendenti wa Detroit, mji wa jimbo la Michigan, alipewa dola 295,000 kwa mwaka, hela ndefu sibishi, ila jamaa tayari alikuwa supaintendenti wa Duval, kule Jacksonville, Florida, wilaya yenye wanafunzi zaidi ya laki moja, na Detroit haikufika hata nusu yake. Mtu wa hivyo swali lake la kwanza ni moja tu: nikija, rungu nitashika mimi au kuna mwingine?

Na hapo ndo Detroit ilikuwa imeoza. Jimbo la Michigan liliichukua wilaya 1999, likarudisha 2005, halafu 2009 likaanza kuleta mameneja wa dharura, yani watu wa kuteuliwa na jimbo kuendesha wilaya, mmoja baada ya mwingine, bodi ya wananchi ipo lakini mikono imefungwa, na deni linakula hela ambayo ingenunua vitabu. Sasa hapo unamtangazia nani kazi? Januari 2016 walimu wakagoma kwa kuripoti wanaumwa, siku moja zaidi ya shule 80 zikafungwa, na picha za shule moja ya Detroit iitwayo Spain zikasambaa, ukungu mweusi ukutani, mbao za sakafu ya ukumbi wa michezo zimevimba na kujikunja.

Kilichobadilisha mambo ni sheria ya mwaka huo huo. Jimbo likatoa dola milioni 617, deni likaachwa kwa wilaya ya zamani, ikaundwa mpya isiyobeba mzigo ule, Novemba watu wakachagua bodi ya watu saba. Baada ya hapo ndo tangazo la kazi likawa na maana.

Dhana: inatakiwa mwokozi mwenye mkono wa chuma.

Walishajaribu bana. Meneja wa dharura alikuwa na nguvu kuliko supaintendenti yeyote, bodi ya wananchi haina la kumuuliza, na deni halikuisha.

Dhana: usaili unafanyika chemba, watu wanapeana.

Michigan sheria inataka usaili wa nafasi kama hii uwe hadharani, barua ya maombi unaweza kuomba ifichwe lakini ukishaitwa kwenye usaili jina liko nje, na bosi wako wa sasa anasoma gazetini kwamba unatafuta kazi kwingine. Nadhani hii inawafukuza watu wazuri wengi kuliko hali ya madarasa, maana nani anataka kurudi ofisini Jumatatu na aibu ile?

Dhana: kaimu akikosa nafasi lazima aondoke kwa hasira.

Alycia Meriweather, aliyekaimu na mwenye mizizi Detroit, watu walimpigania sana, bodi haikumuingiza hata fainali. Akabaki akawa naibu wa Vitti. Halafu huyo "mgeni wa Florida" mwenyewe ni mzaliwa wa Dearborn Heights, hapo hapo jirani.

Dhana: akisaini tu, tabu kwisha.

Agosti 2018, shule zinakaribia kufunguliwa, vipimo vya maji vikaonyesha madini ya risasi (lead) na shaba kwenye shule kadhaa, Vitti akaamuru maji ya kunywa yafungwe shule zote, watoto wakafungua muhula kwa maji ya kuletewa.