Mwenyekiti wa wazazi hatolewi WhatsApp

Nimechoka kusikia maneno haya: "Huyu mwenyekiti ni mtu wa mwalimu mkuu, hatuwezi kumtoa." Hapa Mombasa yasemwa Kisauni, yasemwa Likoni, yasemwa Changamwe, na wanaoyasema ni wazazi wenye uchungu wa kweli. Lakini mwalimu mkuu hapewi na sheria uwezo wa kumteua mwenyekiti wa chama cha wazazi. Tatizo liko mahali pengine, na mahali hapo wazazi wengi hawaendi.

Someni Jedwali la Tatu la Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013. Chama ni kila mzazi mwenye mtoto shuleni, pamoja na mwakilishi wa walimu. Kamati tendaji ni wawakilishi wa madarasa na walimu wawili. Mwenyekiti huchaguliwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kutoka miongoni mwa wanakamati hao. Rudieni hapo mwisho. Mzazi ambaye darasa halikumchagua hawezi kuwa mwenyekiti. Kwa hivyo huyo mnayemlalamikia alipitia darasa fulani, siku ambayo darasa la watoto hamsini lilikuwa na wazazi saba, wawili kati yao wakitazama saa. Mtu akauliza, "Nani atatuwakilisha?" Kimya. "Basi yule wa mwaka jana aendelee." Ikaisha hapo.

Kazi basi huanzia darasani. Kila darasa litafute mtu wake mapema, kabla ya mikutano ya madarasa: mtu anayeweza kusoma hesabu na asiyeona haya kuuliza. Halafu pigania saa ya mkutano. Ukiitishwa Jumanne saa tatu asubuhi, mama wa Kongowea yuko sokoni na baba wa zamu yuko bandarini. Ombeni Jumamosi, kwa barua. Mwezi wa Ramadhani msikubali alasiri, maana watu wako jikoni na futari. Na chunguzeni hili pia: mwenyekiti ambaye mtoto wake amemaliza au amehama si mwanachama tena, hata akiendelea kuketi meza ya mbele.

Sasa hili la WhatsApp, ambalo linanikera kuliko yote. Msimamizi wa grupu si kiongozi wa chama, na makubaliano ya grupu si azimio. Mzazi anaandika kuhusu pesa saa nne usiku kwa hasira, wenzake thelathini wanaweka vidole gumba, na kabla ya asubuhi picha ya ujumbe ule iko kwenye simu ya mwenyekiti. Siku ya mkutano anasimama kusema kuna wazazi wanaotukana walimu, na hoja ya pesa imekwisha. Mmempa ngao wenyewe. Grupu litumieni kuitana mkutanoni, basi.

Kinachohesabika ni barua. Ukurasa mmoja, maswali matatu, bila kumwita mtu mwizi. Watie sahihi wazazi kumi au zaidi wa madarasa tofauti, ili asinyooshewe kidole mzazi mmoja na mwanawe. Chapisheni nakala mbili: moja kwa katibu wa chama kupitia ofisi ya shule, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, muihifadhi. Ipelekeni wiki mbili kabla ya mkutano, mkiomba iwe ajenda yenye nambari yake. Ikiachwa kwa "mengineyo", itafikiwa watu wakiwa wameshainuka. Mkutanoni, hakikisheni kumbukumbu zinataja aliyependekeza, aliyeunga mkono, na kura zilizopigwa. "Wazazi walikubaliana" bila majina ni maneno matupu.

Tena, si kila mwenyekiti mbaya ni mla pesa. Mvivu asiyeitisha mikutano mpeni katibu mkali, na mara nyingi yatosha. Mbabe anayekata watu maneno hubanwa na ajenda na muda wa kila msemaji. Mkimwita mwizi mtu ambaye ni mvivu tu, walio kimya watamhurumia, na mtashindwa hata kwa jambo mlilokuwa na haki nalo.

Pesa zina njia yake. Shilingi 500 kwa watoto 400 ni shilingi 200,000. Haziwezi kupita kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi. Sheria yakataza kukusanya michango bila risiti rasmi. Kwa shule ya umma, tozo za ziada zahitaji idhini ya waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto harudishwi nyumbani kwa kukosa kuzilipa. Ulizeni: akaunti gani, nani hutia sahihi, risiti kutoka nambari gani hadi gani. Mkinyimwa hesabu na shule ya umma, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Siku 21 zikipita bila jibu, nendeni kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo pia apewe nakala.

Kuna sehemu ambazo sina raha nazo. Jedwali laeleza kuchagua mwenyekiti, halielezi kumwondoa katikati ya mwaka. Kama katiba ya chama chenu haina kifungu hicho, mkutano maalumu waweza kuzaa kamati mbili zinazogombana, na huwa nashauri kungoja mkutano mkuu, isipokuwa pesa zinavuja. Na sahihi kumi hupunguza hofu ya mtoto kuonewa darasani, haziiondoi. Mzazi anayekataa kutia sahihi kwa hofu hiyo msimlaumu.

Mkishampata mwenyekiti mpya, makabidhiano yafanywe kwa maandishi ndani ya wiki: daftari la kumbukumbu, vitabu vya risiti hata vilivyotumika, taarifa za benki, barua ya kubadilisha watia sahihi, na orodha ya madeni. Anayekabidhi na anayepokea watie sahihi mbele ya wawakilishi wawili wa madarasa, kila upande ubaki na nakala.