Mildred Cohn na vilele vitatu vya ATP

Msuli ukijikunja, nguvu hutoka kwenye ATP, molekuli yenye mkia wa fosfati tatu. Fosfati ya mwisho ikikatika, kazi hufanyika. Hilo kila mwanafunzi wa baiolojia wa sekondari hulikariri. Ni wachache wanaoambiwa jinsi fosfati hizo zilivyoweza kuonekana moja moja bila molekuli kuvunjwa. Aliyefanya hivyo mwaka 1958, kwa sumaku na mawimbi ya redio, ni Mmarekani Mildred Cohn.

Alizaliwa New York mwaka 1913, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Baada ya shahada ya uzamili fedha zilimwishia, akaajiriwa katika taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege, mwanamke peke yake kati ya wanaume 70. Aliambiwa asitarajie kupandishwa cheo. Akarudi Chuo Kikuu cha Columbia, kwa Harold Urey, mgunduzi wa haidrojeni nzito, na mwaka 1938 akapata udaktari wake.

Kwa Urey alijifunza kutumia isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Oksijeni ya kawaida ina uzito wa 16, lakini ipo nyingine adimu ya 18, ambayo huungana na atomu nyingine vilevile. (Haitoi mionzi, neno isotopu huwatisha watu bure.) Fanya mmenyuko ndani ya maji yenye oksijeni hiyo, kisha pima imeishia kwenye zao lipi, nawe utajua kiungo kipi kati ya atomu kilichokatwa. Katika maabara ya wanabiokemia Carl na Gerty Cori huko St. Louis, alikohamia mwaka 1946, Cohn aliitumia njia hiyo kwa glukosi iliyounganishwa na fosfati kupitia atomu ya oksijeni. Kimeng'enya fosforilasi hukata upande wa kaboni. Fosfatasi hukata upande wa fosforasi. Ukitazama mazao yake kwa njia za kawaida, hutaijua tofauti hiyo.

Kwa maoni yangu, kazi yake yote imo katika swali hilo: atomu ipi inakwenda wapi, kiungo kipi kinavunjika. Vyombo alibadilisha, swali hakuliacha.

Chombo kilichofuata kilikuwa NMR, njia ya kupima viini vya atomu kwa sumaku na mawimbi ya redio. Kiini cha fosforasi, ambayo imo katika kila fosfati, hutenda kama kisumaku. Kikiwekwa ndani ya sumaku kubwa na kupigiwa mawimbi ya redio, hufyonza masafa fulani, na masafa hayo husogea kidogo kulingana na elektroni zilizokizunguka. Bahati nzuri, fosforasi yote ya asili ni isotopu moja, ya 31, na inafaa kwa kipimo hiki, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuitengeneza. Fosfati tatu za ATP zikajitokeza kila moja mahali pake, kama kilele kwenye mchoro wa kipimo. Kiwango cha asidi kilipobadilika, vilele vilisogea. Alipotia magnesi, vya katikati na vya mwisho vilihama, na hapo akapata fununu ya mahali madini hayo yanapojishika. Si jambo dogo, kwa kuwa ndani ya seli sehemu kubwa ya ATP hutembea na magnesi.

Mwaka huohuo wa 1958 ndipo alipopewa uprofesa mshiriki, miaka 20 baada ya udaktari. Mwaka 1960 alihamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Nishani ya Taifa ya Sayansi ilikuja 1982. Alifariki 2009, akiwa na miaka 96.

Wengine waliipeleka njia hii kwenye viungo vizima vya mwili. Mwaka 1974 watafiti wa Oxford walisoma fosfati ndani ya msuli wa panya uliotolewa mwilini bila kusagwa. Mwaka 1981 wakampima mgonjwa aliyedhaniwa kuwa na ugonjwa wa McArdle, ambao msuli wake hukosa fosforilasi, kile kimeng'enya cha akina Cori. Msuli wa kawaida ukifanyishwa kazi ngumu huongezeka asidi, na kilele cha fosfati husogea. Wake haukuongezeka asidi.

MRI ya hospitali inatokana na fizikia hiyohiyo, ila husikiliza haidrojeni ya maji na mafuta, ambayo mwilini imejaa tele. Ishara ya fosforasi ni dhaifu zaidi, na kuipokea kunahitaji koili na vifaa vya ziada. Kwa hiyo daktari akikuandikia MRI, utarudi na picha za mwili wako, si vipimo vya ATP.